Mnene kwa Nani, Mwembamba kwa Nani?

Mwezi uliopita binti mmoja wa kijiji chetu alirudi kutoka mjini, alikokaa miaka miwili akifanya kazi ya kushona nguo. Alipoondoka alikuwa amejaa mwili. Aliporudi mwili umepungua. Alipomwamkia bibi yake, yule mzee alimshika mikono akalia, akasema, "Mjukuu wangu, umekonda!" Jioni wasichana wenzake waliopata kuishi mjini walimzunguka wakamwambia, "Umependeza kweli, sasa umekuwa mwembamba." Na usiku majirani wawili watatu walinong'onezana neno la tatu, ambalo tutalieleza mbele. Mwili ulikuwa mmoja, siku ilikuwa moja, lakini maneno yalikuwa matatu.

Sisi tuliosikia yote tulijiuliza: Katika hao, ni nani aliyeusema mwili wa binti, na ni nani aliyeusema moyo wake mwenyewe? Jambo hili si dogo. Kwa neno moja la namna hii mtu huweza kuolewa au kuachwa, kupewa kazi au kunyimwa, kutunzwa au kukimbiwa. Basi twataka kuwaeleza wasomaji wetu habari chache za zamani na za karibu, ili tuone namna macho ya watu yalivyobadilika, na maneno yao pamoja nayo.

Kwanza tuyatazame maneno ya lugha yetu. Neno nene si tusi wala si sifa. Twasema kamba nene, kitabu kinene, sauti nene. Lakini likimwendea mtu halikai kimya. Mtu aliyetoka katika homa ndefu akiambiwa, "Umenenepa," hufurahi, maana ameambiwa kwamba amepona. Mwenye duka akiambiwa neno lilo hilo na mdeni wake, husikia kama ameambiwa kwamba anakula jasho la watu. Neno nono ni la mbuzi na ng'ombe; kwa mnyama ni sifa, kwa mtu ni kejeli. Na wembamba ni vivyo hivyo. Aliyekonda twamhurumia, kimbaumbau twamcheka, lakini mtu huyo huyo akishinda mbio twasema kwamba ana mwili mwepesi. Mtu mkubwa mwenye nguvu tukimpenda twamwita shujaa, na tukimwogopa twamwita pandikizi la mtu. Mtoto mchanga twampeleka kliniki akapimwa kwa kilo. Mtu mzima twampima kwa neno, na kila mmoja wetu ana mizani yake.

Haya si ya Kiswahili peke yake. Wasomaji waijuao Biblia watamkumbuka Egloni, mfalme wa Moabu katika kitabu cha Waamuzi, ambaye unene wake watajwa katika habari ya kuuawa kwake. Watamkumbuka pia Danieli na wenzake, ambao baada ya siku kumi za kula mboga na kunywa maji walionekana wamenenepa kuliko vijana waliokula chakula cha mfalme. Kwa Egloni unene waelekea kuwa dhihaka. Kwa Danieli ni ushuhuda wa siha njema. Walakini katika Kiebrania neno ni moja tu, nalo ni bari, na ndilo litumikalo pia kwa wale ng'ombe wanono wa ndoto ya Farao. Na kwa Waebrania wa leo neno hilo lina maana ya mtu mwenye afya. Basi neno moja limembeba mfalme wa kuchekwa, kijana wa kusifiwa, na ng'ombe wa ndotoni.

Sasa tuje katika nchi zetu. Mwezi wa Novemba 1861 Waingereza wawili, John Hanning Speke na James Grant, walifika Karagwe, magharibi ya Ziwa Viktoria, wakitafuta chimbuko la mto Naili. Mkama Rumanika aliwapokea kwa wema mwingi. Katika siku zake za kukaa pale Speke aliona desturi iliyomshangaza: wake za wakubwa walinyweshwa maziwa tangu ujana wao, hata wakanenepa mno, na wengine wasiweze kusimama wima. Ndugu mkubwa wa Mkama alimwonyesha vibuyu vya maziwa, akamweleza kwamba unene ule watoka humo, na kwamba ni desturi ya nyumba ya kifalme kuwa na wake wanene sana.

Kwa watu wa Karagwe unene ule ulikuwa ni cheo. Uliwaambia watu wote kwamba nyumba hii ina ng'ombe wengi, na kwamba mke huyu hashiki jembe. Lakini Speke alikuja na macho ya kwao. Siku moja aliomba kumpima kwa kamba shemeji yake Mkama, akaandika hesabu kama mtu aandikavyo urefu wa mti: kimo futi 5 na inchi 8, yaani karibu sentimita 173, mzunguko wa kifua futi 4 na inchi 4, yaani sentimita 132, mzunguko wa mkono futi 1 na inchi 11, yaani sentimita 58. Yule bibi hakukubali bure. Ilimpasa Speke naye amwonyeshe miguu yake na mikono yake mitupu. Basi wawili hawa walitazamana, na kila mmoja alikuwa kioja machoni pa mwenziwe. Speke alikitoa kitabu chake mwaka 1863, na watu wengi wa Ulaya wakasoma alivyomwona bibi yule. Bibi hakuandika kitabu, kwa hiyo hatuna neno lake juu ya mwili wa Speke.

Lakini tusidhani kwamba desturi ile ilikuwa ya furaha tupu. Speke aliandika pia juu ya binti wa bibi yule, msichana wa miaka 16, aliyekuwa ameketi akinywa maziwa, na baba yake amesimamia kazi hiyo akiwa na fimbo mkononi. Hapo twaona jambo la kushika. Neno "mzuri" lilikuwa la watu wazima waliomtazama, lakini tumbo lililojaa kupita kiasi lilikuwa lake msichana.

Mwaka ule ule wa 1863 kitabu kingine kidogo kilitoka London. Mwandishi wake alikuwa William Banting, mtu ambaye nyumba yake ya biashara ilisimamia mazishi ya wakubwa wa Uingereza. Alikuwa amepita miaka 65, kimo chake karibu futi 5 na inchi 5, na mwezi wa Agosti 1862 alikuwa na uzito wa ratili 202, yaani karibu kilo 92. Alieleza kwamba hakuweza kuinama afunge viatu vyake, na kwamba ilimbidi kushuka ngazi polepole kinyumenyume. Alieleza pia habari ya dhihaka za watu mahali pa mkutano, jinsi zinavyomchoma mtu mnene hata akajificha. Tabibu mmoja, William Harvey, alimwagiza aache mkate, siagi, maziwa, sukari, bia na viazi. Katika muda wa mwaka mmoja na siku kidogo alipungua ratili 46. Kitabu chake kilisomwa sana, hata jina lake likawa neno: Waingereza wa zamani zile walilitumia kwa maana ya kujinyima chakula ili kupungua, na Waswidi walitumia hivyo hata leo.

Tuviweke vitabu hivi viwili pamoja. Katika nyumba ya kifalme ya Karagwe msichana alishurutishwa kunywa maziwa ili awe mnene, maana unene ni heshima. Katika mji wa London mzee alikatazwa maziwa ili aache kuwa mnene, maana unene umekuwa kicheko. Je, nani alikuwa na haki? Sisi twaona kwamba macho ya pande zote mbili yaliongozwa na mali. Mahali ambapo chakula kingi ni cha wachache, mwili mnene ni bendera ya utajiri. Mahali ambapo mkate na sukari vimekuwa rahisi hata kwa watu wa kawaida, bendera ile yashushwa, na wembamba wapandishwa badala yake. Na mali ikiondoka, desturi haikai. Kuanzia 1890 hivi sotoka ilienea katika nchi za Afrika Mashariki ikaua ng'ombe wasiohesabika, na nyumba nyingi zilizojivunia maziwa zikabaki na mazizi matupu.

Lakini habari ituumayo zaidi ni ya karibu. Karagwe imo katika mkoa wa Kagera, na ni katika mkoa huo kwamba mwaka 1983 wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI katika Tanzania walitambuliwa. Ng'ambo ya mpaka, katika wilaya ya Rakai huko Uganda, ugonjwa ulikuwa umekwisha kuonekana. Watu waliona wenzao wakiharisha, wakipata homa, wakikonda hata wakabaki mifupa, wakafa. Huko Uganda waliuita Slim, neno la Kiingereza lenye maana ya mwembamba. Mwaka 1985 matabibu walieleza habari zake katika gazeti la kitabibu la London kwa jina lilo hilo.

Msomaji na alifikiri neno hilo. Katika London ya siku zile, mwanamke aliyeambiwa neno hilo alishukuru, kwa sababu lilikuwa sifa, na magazeti yaliuza mashauri ya kulipata. Katika Rakai neno hilo lilikuwa ni kaburi. Herufi ni zile zile, sauti ni ile ile, lakini aliyeambiwa huku alinunua nguo mpya, na aliyeambiwa kule alinunua sanda.

Tena neno lile lilifanya madhara mawili. La kwanza, kila aliyepungua mwili alitazamwa kwa hofu. Mwenye kifua kikuu, mwenye njaa, mjane aliyeshindwa kula kwa huzuni, wote walihesabiwa kuwa wagonjwa wa jambo moja, na wengine wakakimbiwa na ndugu zao. La pili ni baya zaidi: mwenye mwili wa kujaa alihesabiwa kuwa salama. Watu walisema, "Huyu ni mnene, hawezi kuwa nao." Lakini twajua kwamba virusi vya UKIMWI huweza kukaa katika mwili wa mtu miaka mingi bila ya dalili yo yote kuonekana. Hakuna jicho liwezalo kuviona. Ni kipimo peke yake. Basi watu walioyaamini macho yao waliwakimbia wasio na ugonjwa, na kuwaendea walio nao. Na siku hizi, kwa kuwa dawa zipo, mtu mwenye virusi huweza kuwa na mwili mzuri na nguvu za kulima kama jirani yake. Hata hivyo hofu ya zamani haijatoka katika ndimi zetu. Neno la tatu walilonong'onezana majirani wa binti yetu lilikuwa ndilo hilo.

Hapa yamkini msomaji atasema, "Kama macho hudanganya, na tuyaache maneno, tutumie hesabu." Shauri hilo ni jema, lakini hata hesabu ina historia yake. Mwanahesabu wa Ubelgiji, Adolphe Quetelet, aliyechapisha kitabu chake juu ya mwanadamu mwaka 1835, aliona kwamba uzito wa watu wazima huelekea kuongezeka pamoja na kimo kizidishwe kwa kimo. Yeye hakuwa tabibu, wala hakuwa akitafuta nani ni mgonjwa. Alikuwa akitafuta mtu wa wastani. Baadaye makampuni ya bima ya maisha yalitaka kujua ni nani atakayekufa mapema. Kampuni ya Metropolitan Life ya New York ilitoa jedwali za uzito uliofaa, za wanawake mwaka 1942 na za wanaume mwaka 1943. Jedwali zile ziligawanya watu kuwa wa umbo dogo, la kati, na kubwa, lakini hazikueleza namna ya kulipima umbo lenyewe. Basi neno lililofukuzwa mlangoni liliingia tena kwa dirisha.

Mwaka 1972 Mmarekani Ancel Keys na wenzake waliichukua hesabu ya Quetelet wakaipa jina jipya, nayo ndiyo itumikayo katika hospitali zetu: kilo za mtu zigawanywe kwa kimo chake cha mita kilichozidishwa kwa chenyewe. Mtu wa kilo 75 mwenye kimo cha mita 1 na sentimita 70 hupata karibu 26. Sasa sikilizeni. Mpaka mwaka 1998 mpaka wa uzito wa kupita kiasi katika Marekani ulikuwa 27.8 kwa wanaume na 27.3 kwa wanawake. Mwezi wa Juni mwaka ule mpaka ulishushwa ukawa 25 kwa wote, kama ulivyokwisha kuwekwa na Shirika la Afya Duniani. Mamilioni ya Wamarekani walilala wakiwa wa kawaida, wakaamka wakiwa wamezidi, wala hawakula hata tonge moja usiku ule. Tena mwaka 2004 wataalamu wa Shirika hilo walionyesha kwamba watu wengi wa Asia huanza kupata hatari ya kisukari na ya moyo kabla ya kufika 25, wakaongeza alama nyingine ya 23 kwa ajili yao. Tena hesabu hiyo haijui kama kilo za mtu ni za mafuta au za misuli ya mpiga makasia.

Hatusemi haya ili kuwadharau matabibu. Waliishusha alama kwa sababu waliona wagonjwa, nao walitaka kuwaonya watu mapema. Twasema tu kwamba mpaka kati ya neno na neno huwekwa na watu, kwa sababu fulani, katika mwaka fulani, na aliyeuweka huweza kuusogeza. Wala hatusemi kwamba unene na wembamba ni maneno matupu yasiyo na kitu nyuma yake. Uchunguzi wa serikali ya Tanzania wa 2015 hata 2016 ulionyesha kwamba katika kila wanawake 100 wa miaka 15 hata 49, 28 walikuwa na uzito uliozidi mpaka wa 25. Kisukari na shinikizo la damu vimeingia hata vijijini. Banting hakuota alipoona taabu ya kufunga viatu vyake, na tumbo la msichana wa Karagwe halikuota. Mwili una kweli yake. Lakini kweli hiyo haimo katika neno tulitupialo mwili kwa mbali. Imo katika habari ambazo mwenye mwili aweza kutueleza, na katika vipimo vyake vya leo vikilinganishwa na vyake vya jana.

Basi yatupasa nini? Sisi twaona kwamba kabla ya kumwita mtu mnene au mwembamba imfaa msemaji ajiulize: Nasema kwa mizani ya nani? Je, ni mali ninayoiona, au ni hofu yangu, au ni desturi ya mahali nilipolelewa? Na kama kweli anamtakia mwenzake heri, aache neno la kuhukumu na kushika swali. Wazee wetu hawakuamkiana kwa kutazamana tu. Waliulizana habari za nyumbani, za kazi, na za afya, na kungoja jibu.

Turudi kwa binti yetu. Siku ya nne mama mmoja wa kijijini, aliyekuwa muuguzi zamani, alimwita barazani kwake. Hakumwambia kwamba amekonda, wala kwamba amependeza. Alimwuliza, "Mwanangu, huko mjini ulikuwa ukila mara ngapi kwa siku? Na usiku unalala vema?" Binti akajibu, "Mama, nala kuliko zamani, lakini kiu hainiishi, na usiku naamka mara tano sita kwenda haja ndogo. Nalidhani ni joto la mjini." Kesho yake alipelekwa hospitali, damu ikapimwa, ikaonekana ana kisukari. Sasa amefundishwa kujipiga sindano ya insulini, na nguvu zake zinarudi.

Bibi yake alilia kwa upendo. Wenzake walimsifu bila ya hila. Majirani waliogopa, na hofu yao ina sababu ambayo mkoa mzima waijua. Lakini kwa siku tatu ugonjwa ulikuwa ukiendelea ndani ya mwili ule, na maneno yote matatu yalipita juu yake kama mvua juu ya jabali, mpaka alipotokea mtu wa kuuliza.